Sabufa Haijafa: Sauti ya TV Mpya Inatokea Wapi?

Nilipoingia sebuleni kwa shangazi, Kimara, TV mpya ilikuwa imeshatundikwa ukutani na mtangazaji wa taarifa ya habari alikuwa akisoma kwa sauti nyembamba iliyomlazimu kila aliyekuwamo kunyamaza ili aisikie. Chini yake, juu ya kabati, sabufa ambayo imehudumia nyumba hiyo katika vikao vya harusi, sikukuu na mechi zote za watani wa jadi ilikuwa imezimwa, na waya wake wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe, ulikuwa unaning'inia pembeni bila kuchomekwa popote.

Nilimwamkia. Kabla sijaketi akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Ile redio yangu wamesema imekufa."

Waliosema ni wawili. Wa kwanza ni fundi aliyekuja kutundika TV, ambaye aliitazama sabufa, akatazama nyuma ya TV, kisha akaamua kwamba vitu hivyo haviendani na kwamba dawa ni kununua sabufa nyingine yenye tundu la HDMI, lile la waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja. Wa pili ni binamu yangu, ambaye hakuridhika na kauli hiyo, akatafuta mwenyewe tundu lililoandikwa AV, akachomeka waya kupitia adapta iliyokuja na TV, akapandisha sauti mpaka mwisho, na asisikie chochote. Kimya hicho ndicho kilichoigongea muhuri hukumu ya fundi.

Niliiwasha sabufa nikachomeka flashi. Taarabu ikaijaza nyumba mpaka uani.

Basi TV ilikuwa nzima, sabufa ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima, lakini sauti haikutoka kimoja kwenda kingine. Jambo hilo limenikera kwa wiki kadhaa, kwa sababu najua nyumba nyingi ambamo sabufa imehamishiwa stoo kwa hukumu ya namna hiyo hiyo, na kwa sababu kila nilipolichunguza niliona kwamba swali ambalo sote tumezoea kuuliza, yaani waya upi unaingia wapi, halitoshi tena.

## Tundu linalopokea tu

Tundu la AV la TV ile lilikuwa la kupokea. Kazi yake ni kuchukua picha na sauti kutoka kwenye deki au king'amuzi na kuziingiza kwenye TV, nayo sabufa, kwa upande wake, ilikuwa inangoja kupokea vilevile. Binamu yangu alikuwa ameunganisha wasikilizaji wawili kwa waya mzuri, na hakuna aliyekuwa akisema neno.

Waya wenyewe haukumwonya, kwa sababu vichwa vyake vinafanana pande zote mbili. Kichwa hiki ni kikongwe kuliko TV nyingi tunazozikumbuka: kilianza kutumiwa katika miaka ya 1930 na kampuni ya Radio Corporation of America kwa ajili ya kuunganisha gramafoni na redio, na ndiyo maana mpaka leo mafundi wengi hukiita RCA. Tangu wakati huo umbo lake halijabadilika kwa kiasi cha kutajika. Rangi nazo ni makubaliano tu: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Ndani, katika waya wa kawaida wa madukani, nyuzi zote tatu ni za aina moja, na kama ule wa njano umekatika unaweza kupitisha picha kwenye mwekundu, mradi uchomeke mwekundu penye njano kwenye vifaa vyote viwili na ukubali kusikiliza upande mmoja wa sauti.

Wengi wetu tulizisoma rangi hizo kwa lazima. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na wenzetu wa Kenya walipofuata mwaka 2015, kila nyumba iliyokuwa na TV ya chogo ilihitaji king'amuzi, na kila king'amuzi kilikuja na waya wa rangi tatu. Watoto wa darasa la nne walijua kwamba ukichomoa wa njano picha inaondoka na sauti inabaki. Walijua pia kwamba chogo nyingi zilikuwa na matundu mawili tu, la njano na jeupe, na kwamba mwekundu ungening'inia bila kazi. Waliokuwa makini waligundua kwamba katika nyimbo fulani gitaa moja lilikuwa limepotea, kwa kuwa lilikuwa limerekodiwa upande wa kulia na upande huo ulikuwa unaning'inia nyuma ya TV.

Huo ulikuwa ujuzi wa nyumbani. Hakuna aliyeusomea.

Ulikuwa na mitego yake, hata hivyo, na mmojawapo uko nyuma ya sabufa yenyewe. Sabufa nyingi za bei ya kawaida hutumia matundu ya RCA kwa kazi mbili zilizo mbali kabisa: matundu mawili hupokea sauti hafifu kutoka nje, na mengine, yenye umbo hilohilo na rangi hizohizo, hupeleka umeme uliokwisha kukuzwa kwenye spika ndogo za pembeni. Maandishi yanayoyatofautisha ni herufi nyeusi zilizochomoza kwenye plastiki nyeusi, ambazo huwezi kuzisoma mpaka umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Ukichomeka waya wa TV au wa simu kwenye matundu ya spika, unaweza kuunguza kile kifaa cha upande wa pili. Sijui kwa nini mtengenezaji aliliona jambo hilo kuwa nafuu inayofaa, lakini ndivyo zilivyo.

Na kuna mtego wa adapta. Zile pini nyembamba zinazotoka na vichwa vitatu vya rangi zina sehemu nne zilizotengwa kwa pete nyeusi, na watengenezaji hawakukubaliana ni sehemu ipi iwe ya picha na ipi iwe ya kurudishia umeme. Ndiyo maana adapta ya king'amuzi kimoja, ikichomekwa kwenye TV ya kampuni nyingine, huweza kutoa muungurumo kwenye spika, au picha ikakataa kwenye njano na kutokea pale unapochomeka nyekundu. Mtu akiona hivyo husema tundu limeharibika, na kwa kweli tundu halina kosa lolote.

## Kuiruka TV

Kitu cha kwanza nilichokitafuta nyuma ya TV ya shangazi ni tundu la hedifoni, kwa sababu ndiyo njia fupi kuliko zote: waya mmoja wenye pini nyembamba upande huu na vichwa viwili upande ule, na kazi imekwisha. Halikuwapo. Bluetooth haikuwa na msaada pia, kwani sabufa ni ya zamani na inajua redio, flashi na waya tu.

Kwa hiyo nikachukua sauti kwenye king'amuzi. King'amuzi chake kilikuwa kinapeleka picha kwenye TV kwa HDMI, lakini nyuma yake bado kulikuwa na matundu ya rangi, nayo hayo yalikuwa ya kutolea. Nikaacha la njano, nikachomeka jeupe na jekundu moja kwa moja kwenye sabufa, nikaizima sauti ya TV, na taarifa ya habari ikarudi kwa kishindo.

Shangazi alifurahi. Mimi sikufurahi sana.

Kwanza kulikuwa na muungurumo, ule wa chini unaosikika msomaji anapovuta pumzi. Nikachomoa waya wa antena kwenye king'amuzi na muungurumo ukakoma papo hapo. Nikaurudisha, nao ukarudi. Maana yake ni kwamba waya wa sauti haukuwa na kosa. Vifaa vilikuwa vimeungana kwa njia zaidi ya moja, yaani kwa waya wa antena, kwa HDMI, kwa waya wa sauti na kwa soketi za umeme, na tofauti ndogo ya umeme baina yao ilikuwa inazunguka kupitia kwenye waya wa sauti na kusikika kama mtetemo wa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ni umeme huohuo mdogo unaokufanya uhisi kidole kinachoma ukigusa kichwa cha waya wa dishi huku vifaa vyote vikiwa vimewashwa, hasa katika nyumba ambazo soketi ina matundu matatu lakini la tatu halijaunganishwa na ardhi. Kwa kawaida mchomo wa namna hiyo haumdhuru mtu, ila huweza kuua tundu la HDMI, na kwa sababu hiyo mimi huchomoa vifaa vyote kwenye umeme kabla sijagusa waya wowote. RCA ina sababu yake ya ziada: ncha yake ya katikati hugusa kabla ya ukingo wake, na ukiichomeka sabufa ikiwa imewashwa utasikia mlipuko ambao spika haikuuomba.

Pili, midomo na maneno vilipishana. TV bapa huchukua muda mfupi kuitayarisha picha kabla ya kuionyesha, na inapotoa sauti kwenye spika zake yenyewe huichelewesha kwa kiasi hichohicho ili viende sambamba. Sauti niliyoichukua kwenye king'amuzi haikungojea matayarisho hayo. Ilifika kwanza, na msomaji wa habari akafungua mdomo baada ya neno kuwa limeshasikika. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini ukishaigundua huwezi kuacha kuiona.

Tatu, na hili ndilo lililonishinda, filamu zilizokuwa kwenye flashi ya binamu hazikupita kwenye king'amuzi. Zilichezwa na TV yenyewe. Kwa habari sabufa ilikuwa hai, na kwa filamu ilikuwa imekufa tena.

## Mwanga mwekundu

Pembeni mwa matundu ya HDMI palikuwa na tundu dogo la mraba lenye kifuniko kinachojikunja kwa ndani, na juu yake pameandikwa OPTICAL. Ukikisukuma kifuniko chake kwa ncha ya kalamu unaona mwanga mwekundu. Huo mwanga ndio sauti. Toshiba ndiyo iliyoanzisha aina hii ya waya mwaka 1983 kwa ajili ya vicheza CD vyake, na kanuni ya sauti inayopita ndani yake ilitungwa na Sony na Philips. Badala ya umeme kupanda na kushuka kwenye shaba, mwanga huwaka na kuzimika kwa kasi kubwa ndani ya uzi wa plastiki, na tarakimu za sauti husomwa upande wa pili.

Hapa fundi alikuwa na sehemu ya ukweli. Sabufa ya shangazi haijui kusoma mwanga. Inajua umeme wa shaba tu, na kati ya viwili hivyo panahitajika mkalimani, kisanduku kinachotosha kwenye kiganja, chenye tundu la mwanga upande mmoja, matundu mekundu na meupe upande wa pili, na waya wa USB wa kuchukulia umeme. Kariakoo vinauzwa, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na sabufa mpya.

Uangalifu unahitajika hata wakati wa kununua, kwa kuwa kuna vingine vinavyofanana na hivi ambavyo hubadilisha kwa kwenda upande wa pili tu. Vile vya picha ndivyo vinavyowatesa watu zaidi: kimoja kimeandikwa AV2HDMI, kingine HDMI2AV, rangi moja, ukubwa mmoja, vimepangwa kwenye rafu moja. Cha kwanza humsaidia mwenye deki ya zamani na TV mpya, cha pili humsaidia mwenye king'amuzi kipya na chogo, na hakuna hata kimoja kinachoweza kufanya kazi ya mwenzake. Muuzaji mwenye haraka atakupa kilicho karibu na mkono wake.

Niliviondoa vile vifuniko vya plastiki angavu vilivyovaa kwenye ncha za waya wa mwanga, ambavyo wengi huviacha kwa kudhani ni sehemu ya waya, nikachomeka, nikaenda kwenye mipangilio ya TV na kuchagua sauti itokee OPTICAL. Habari zikasikika. Muungurumo haukuwapo hata kidogo, kwa kuwa mwanga hauna umeme wa kuzungusha. Midomo na maneno vilikaribiana mno, maana sasa sauti ilikuwa inatoka kwenye TV.

Kisha binamu akaweka filamu yake ya flashi, na sabufa ikanyamaza.

Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilielekea kukubaliana na fundi. Nilitikisa waya, nikabadilisha USB, nikagusa kisanduku kama kina joto. Kilichonirudisha kwenye akili ni kwamba binamu, kwa kuchoka, alirudisha king'amuzi na sauti ikaja. Akarudisha filamu, sauti ikaondoka. Akaweka filamu nyingine, ya zamani zaidi, sauti ikaja.

Waya uliokatika haubagui kipindi.

Kama kimya kinafuata filamu, basi kosa limo katika namna sauti inavyosafirishwa, na si katika njia inayopita. Tundu lile la mwanga linaweza kutoa sauti kwa sura zaidi ya moja. Inaweza kutoka ikiwa wazi, pande mbili za kushoto na kulia, katika sura ambayo menyu huiita PCM. Inaweza pia kutoka ikiwa imefungwa kwa mtindo wa Dolby, spika tano na sabufa zikiwa zimebanwa pamoja ili mashine kubwa ya sinema ya nyumbani izifungue. TV ilikuwa imewekwa AUTO, kwa maana kwamba filamu iliyorekodiwa kwa Dolby ilipitishwa kama ilivyo, na kisanduku cha bei nafuu, ambacho hakijui kuifungua, kilikaa kimya. Vingine havinyamazi, bali hutoa mkwaruzo mkali unaoweza kumfanya mtu aamini kwamba spika zimepasuka.

Niliingia kwenye mipangilio, sauti, kisha ukurasa wa ndani zaidi, nikabadilisha AUTO kuwa PCM. Filamu ikazungumza. Hakuna waya uliohamishwa.

## Kilichohama

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa kilichobadilika kati ya chogo na bapa, kwa sababu jibu la kawaida, kwamba teknolojia imekua, halielezi kwa nini nyumba iliyokuwa na mafundi wanne wasio na vyeti mwaka 2012 leo haina hata mmoja.

Zamani rangi ya tundu ilikuambia karibu kila kitu kuhusu kinachopita humo. Njano ilikuwa picha na haikuweza kuwa kitu kingine. Waya ulikuwa na kazi moja na mwelekeo mmoja, na kosa ungeweza kulifuata kwa vidole: chomoa hiki, angalia kimepotea nini, rudisha, chomoa kile. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuifanya kazi hiyo kwa rangi peke yake. Leo tundu moja hubeba sura kadhaa za jambo hilohilo, na uamuzi kuhusu sura ipi itoke umeondoka kwenye mkono na kuingia kwenye menyu, iliyoandikwa Kiingereza, kurasa tatu ndani, kwa vifupisho ambavyo hata mwenye Kiingereza chake hawezi kuvikisia.

HDMI ndiyo iliyolifikisha jambo hili mbali zaidi. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwishoni mwa mwaka 2002 na kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Panasonic na Toshiba, na nia ilikuwa njema: waya mmoja wenye pini 19 ubebe picha, sauti za pande zote na amri za rimoti. Lakini vifaa vinavyounganishwa kwa waya huo havipeani picha mpaka vikubaliane kwanza. TV hukiarifu king'amuzi ina uwezo wa picha ya ukubwa gani na sauti za aina gani, king'amuzi huchagua, kisha hupimana kama kila mmoja anaruhusiwa kuonyesha kazi yenye hakimiliki, kwa ulinzi uliobuniwa na Intel. Hatua yoyote ikikwama, skrini inakuwa nyeusi na sauti inaondoka pamoja nayo. Huna cha kuchomoa nusu.

Ndiyo maana dawa ya mtaani ya kuzima kila kitu, kungoja kidogo, kisha kuwasha TV kwanza na king'amuzi baadaye, hufaulu mara nyingi kuliko inavyostahili: huvilazimisha vifaa vianze kukubaliana upya. Na ndiyo maana pia simwelewi anayelipia waya wa HDMI wa bei kubwa ili rangi ziwe nzuri. Tarakimu zikifika zimefika. Waya mbovu utakuonyesha vimetameta, picha inayokatika au giza, lakini hautakuonyesha nyasi za uwanja zikiwa na kijani kilichopauka. Kwa king'amuzi kilicho hatua moja kutoka kwenye TV, waya wa kawaida ulio imara vichwani unatosha.

Mwelekeo nao umevurugwa. Mwaka 2009 HDMI iliongezewa njia ya kurudisha sauti, inayoandikwa ARC kando ya mojawapo ya matundu, na kwa njia hiyo TV inaweza kuirudishia spika sauti kupitia tundu lilelile linalopokea picha. Ni ubunifu mzuri, nami siudharau. Ila ukichomeka kwenye HDMI ya pembeni isiyo na herufi hizo, sauti haitarudi, na hakuna rangi wala umbo la kukueleza kwa nini.

## Hoja ya fundi

Nilimpitia fundi yule kwenye kibanda chake, bila nia ya kumsuta. Nilitaka kujua kama hakuviona visanduku vile au aliviona akanyamaza.

Aliviona. Anavijua kuliko mimi, na droo yake ilikuwa na viwili. Aliniambia kwamba zamani alikuwa anavifunga, mpaka akachoka kupigiwa simu usiku. "Bosi, nikimfungia mama kisanduku, siku mjukuu akigusa rimoti sauti ikapotea, tapeli ni mimi. Nikienda kumrudishia ile PCM, anasema nimebonyeza tu, nisimdai hela." Kutundika TV, alisema, ni kazi inayoonekana: matundu ukutani, chuma, bolti. Kubadilisha neno moja kwenye menyu hakuonekani, na kisichoonekana hakilipiwi.

Nilijaribu kumpinga na nikakosa pa kushika. Sisi wateja tumezoea kulipia kitu kilichobadilishwa, na kama fundi hakutoa kifaa kilichoungua na kutuonyesha, tunaona ametuibia. Wakati waya ulikuwa ndiyo tatizo, desturi hiyo haikuwa na madhara makubwa, kwa sababu waya mpya ulionekana. Sasa tatizo limehamia kwenye maneno, na desturi yetu inamsukuma fundi mwenye akili zake timamu atangaze kifo cha mashine nzima, maana mashine mpya inaonekana na haimpigii simu usiku.

Ninachoendelea kutokubaliana naye ni ile kauli yenyewe. Angeweza kumwambia shangazi kwamba sabufa inahitaji kisanduku na kwamba yeye havifungi, kisha uamuzi ukabaki kwa mwenye fedha. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema mteja akisikia neno "kisanduku" huuliza kwa nini TV mpya inahitaji msaada, na hapo lazima umweleze mwanga, Dolby na PCM huku watu watatu wanangoja na simu zao. Tulikubaliana kwa jambo moja dogo: kisanduku akikifunga, aandike kwenye utepe wa karatasi, kwa Kiswahili, njia yote ya kufika kwenye PCM, na aubandike nyuma ya rimoti. Alisema atajaribu kwa wateja wanaosoma.

## Kabla ya kulipia

Tangu hapo watu kadhaa wameniuliza TV ipi inaendana na sabufa waliyo nayo. Swali ni zuri kuliko wanavyodhani, na jibu lake liko mgongoni mwa TV, si kwenye skrini inayong'aa dukani. Mwombe muuzaji aigeuze, umulike kwa tochi. TV ndogo nyingi zina tundu la hedifoni bila OPTICAL. Kubwa nyingi zina OPTICAL bila hedifoni. Nyingine zina ARC peke yake, na hizo nazo zina visanduku vyake vya kuchopoa sauti, ila lazima ule mfumo wa amri za rimoti uwe umewashwa kwenye mipangilio, vinginevyo kisanduku hakitaamka. Jina lililoandikwa mbele ya TV halikuambii lolote kati ya haya, kwani kampuni moja huweka matundu tofauti kwenye TV za ukubwa tofauti.

Ningepewa kuchagua kwa ajili ya nyumba ya wazee, ningechukua yenye tundu la hedifoni hata kama pembeni yake kuna OPTICAL, na wanaopenda vyombo vya muziki wataniona mshamba. Sauti ya hedifoni hupanda na kushuka kwa rimoti ya TV. Ya OPTICAL, katika TV nyingi, hutoka kwa kiwango kimoja hata ukibonyeza mpaka kidole kiume, na mtu analazimika kutafuta rimoti ya sabufa kila tangazo linapopiga kelele. Muungurumo ukitokea kwenye hedifoni, hapo ndipo ningekwenda kununua kisanduku cha mwanga, nikaiweka TV kwenye PCM kabla sijawaita wenye nyumba waje kusikiliza.